Sauti za Nyamongo si Kamusi ya Nyamongo

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba mtu akikaa Nyamongo majuma mawili na chombo cha kunasia sauti, akarudi na orodha ya maneno, basi ametunga kamusi ya Kikuria. Wapo na wengine, wasomi hasa, wanaodhani kwamba lugha iliyokwisha kuchambuliwa sauti zake imekwisha kuhifadhiwa. Wote wamepotoka, ila kosa la pili linatuudhi zaidi kwa kuwa limevaa joho la chuo kikuu.

Hatuidharau elimu ya sauti. Kikuria kina irabu saba, tukiacha urefu wake. Anayekiandika kwa irabu tano za Kiswahili hufungia sauti mbili katika herufi e, na mbili katika o. Elimu hiyo ndiyo iliyofunua pia kwamba toni ya juu ya kitenzi hupangwa na njeo: ipo njeo ambamo toni hutua kwenye pigo la nne la shina, na kitenzi kikiwa kifupi toni huvuka mpaka neno linalofuata. Mkusanyaji asiyejua haya ataandika upuuzi, na watoto watausoma.

Lakini chukueni neno inchama. Mwanafonetiki atalikata vipande, atueleze ulimi ulikwenda wapi, na hapo kazi yake imekwisha. Bado hajatuambia kwamba inchama ni baraza la siri la wazee, wala kwamba ni mbali na iritongo, ambao ni mkutano wa hadhara wa kuamua mambo ya jamii. Tofauti hiyo haimo kinywani; imo katika maisha ya watu, na wa kuieleza ni wazee wenye subira pamoja na mtunga kamusi mwenye subira zaidi.

Kamusi ya Kikuria ya Muniko, Magige na Ruel ilitoka mwaka 1996. Uchambuzi wa Cammenga wa sauti na maumbo ya lugha hiyo ukatoka mwaka 2004. Ni kazi mbili, wala moja haikai mahali pa nyingine. Na zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza! Mwalimu wa Nyamongo atafutaye maana ya neno la babu yake kwa Kiswahili zimsaidie nini? Tangu mgodi mkubwa wa dhahabu uanze uzalishaji mwaka 2002, watu wa makabila mengi wamehamia pale, na Kiswahili kinawaunganisha, jambo jema kabisa. Ila wazee wanaojua maneno ya mifugo na ya vikao hawasubiri ripoti za maabara. Mwenye daftari na atumwe sasa, akiisha kufundishwa zile irabu saba.