Je, Mcheza Kwao Hutunzwa?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kutunza huku si kulea wala kuhifadhi. Ni kumtuza mcheza ngoma kwa zawadi palepale uwanjani, mbele ya jamaa zake. Methali hiyo imenirejea mara nyingi tangu Oktoba 2025, Harambee Starlets ilipoilaza Gambia kwa jumla ya mabao 4-1 na kufuzu kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya pili tu baada ya zile za Cameroon mwaka 2016. Kama ilivyo ada, sifa ziliwaendea waliotikisa nyavu. Wachache mno waliuliza ni akina nani walioilinda ngome yetu hata tukafungwa bao moja tu katika mechi mbili.

Kazi ya beki ndivyo ilivyo. Akifaulu, hakuna linalotokea. Akikosea mara moja, nchi nzima humjua kwa jina. Mtazame Dorcas Shikobe, aliyekuwa nahodha mwezi Novemba 2019 Kenya ilipotwaa ubingwa wa CECAFA jijini Dar es Salaam kwa kuwafunga wenyeji 2-0, bila kufungwa hata bao moja katika mashindano yote. Alikuwa akiichezea Oserian Ladies ya Naivasha, timu yenye jina la shamba la maua. Baadaye yeye na mlinzi mwenzake, Ruth Ingosi, walivuka bahari kwenda kuchezea Lakatamia, klabu ya Cyprus. Ilibidi kisiwa cha mbali kiwatunze waliokuwa wamecheza kwao.

Mimi ni mtu wa isimu, na nionavyo mimi, lugha yetu imekwisha kulikiri jambo hili pasi na sisi kutambua. Msikilize mtangazaji asemapo kwamba fulani “anacheza soka ya kulipwa”. Kila msikilizaji huelewa kuwa huyo yuko ng'ambo. Kivumishi kinachohusu ujira kimegeuka kuwa kielezi cha mahali! Maana yake ni kwamba soka ya nyumbani, hasa ya wanawake, tumekubali iwe ya kutolipwa.

Tena kuna neno “vipusa”, ambalo kurasa zetu za michezo zimezoea kuwaitia wachezaji wa Starlets. Kipusa kwa asili ni pembe ya kifaru, kitu cha thamani kubwa. Kisha likawa jina la msichana mrembo. Wanaume huitwa kwa kazi zao: beki, kiungo, mshambulizi. Wanawake huitwa kwa sura zao. Na kwa jirani zetu Tanzania, “beki tatu” mitaani si mchezaji, bali ni mtumishi wa ndani. Sisemi kwamba maneno ndiyo yaliyowanyima wachezaji mishahara. Nasema kwamba asiyetajwa kwa kazi yake ni vigumu kudai ujira wa kazi hiyo.

Hapa Shanzu jambo hili si la nadharia. Tuna chuo cha walimu na tuna mahoteli ufuoni. Nasi si mbali na Kilifi, ambako tangu mwaka 2001 shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwapa wasichana mpira na nafasi ya kuucheza. Vipaji, basi, havikosekani. Kinachokosekana ni daraja la kumvusha msichana baada ya kidato cha nne. Mwenzake mwenye sauti nzuri ataimba hotelini na kulipwa. Beki hodari wa shule ataambiwa atafute kazi. Miaka ya mchezaji nayo ni michache. Mwaka 2022, ugomvi wa viongozi ulipoifanya Kenya ijiondoe katika mechi za mchujo dhidi ya Uganda, na FIFA ikatufungia hadi Novemba, viongozi walipoteza muda. Wachezaji walipoteza sehemu ya umri wao wa kucheza, na hiyo hairudishwi kwa barua ya msamaha.

Yapo watakaosema kwamba soka ya wanawake haina watazamaji, kwa hiyo haina fedha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini imeanza mwisho. Watazamaji huja pale wanapowajua wachezaji kwa majina, nao wachezaji hujulikana pale wanapodumu katika timu moja miaka kadhaa. Asiye na mshahara hawezi kudumu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu mambo mawili. Kwanza, mnapowafunza wanafunzi kuandika habari za michezo, wafunzeni kumtaja mchezaji kwa kazi aliyoifanya, na beki asisahaulike. Pili, msichana wenu anapoitwa na klabu, mwulizeni kiongozi wa klabu hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, kama kuna mkataba ulioandikwa na ujira uliotajwa ndani yake. Nao wanafunzi wajue kwamba kuuliza hivyo si tamaa. Serikali za kaunti na wenye mahoteli wanaopenda kuitangaza Pwani watambue kwamba timu ya wasichana inayolipwa itaitangaza kuliko mabango. Hapo ndipo methali ya wazee wetu itakaporudia ukweli wake.