Sheria Haikuchelewa, Haikuulizwa

Wapo wanaoamini kwamba mwanazuoni wa sheria anayechunguza teknolojia ya kidijitali ni mtu wa kongamano tu, asiye na kazi ya maana. Madai hayo nimeyasikia hata vinywani mwa mawakili. Nitayajibu zaidi kwa kesi zilizoamuliwa Nairobi, kwa sababu huko yamefika mbele ya majaji na kupimwa kwa ushahidi.

Dai kongwe kuliko yote ni kwamba taaluma hii haina sababu ya kuwepo: wizi ni wizi na mkataba ni mkataba, uwe wa karatasi au wa simu. Mwaka 1996 Frank Easterbrook, jaji wa rufaa wa Marekani, alilinganisha somo la sheria ya mtandao na somo la sheria ya farasi. Kwake yeye, mwanafunzi akishaelewa kanuni za jumla za mali, mikataba na fidia, atazitumia popote. Mwaka 1999 Lawrence Lessig alimjibu kwa kuonyesha kwamba programu ya kompyuta yenyewe inatawala. Sheria ya bunge inakataza, kisha inasubiri mtu avunje ndipo imshtaki. Programu haisubiri. Fomu ikidai namba ya kitambulisho na wewe huna, umekwama papo hapo, hata kama Katiba inakupa haki ya huduma unayoitafuta, na hakuna karani wa kumweleza shida yako. Anayeunda mfumo wa namna hiyo anatoa amri kwa mamilioni ya watu, na lazima awepo wa kuuliza ni nani aliyempa mamlaka.

Hapo hujibiwa kwamba mashine, tofauti na karani, haina upendeleo. Wanaosema hivyo wawasikilize Wanubi wa Kibera, wazao wa askari ambao Waingereza waliwatoa Sudan enzi za ukoloni. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi alikuwa akiitwa mbele ya jopo kuthibitisha uraia wake kabla ya kupewa kitambulisho, wakati majirani wake wa jamii nyingine hawakuhojiwa hivyo. Serikali ya Kenya ilipoanza kuandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba, mfumo wa kitaifa wa utambulisho wa kidijitali, mwaka 2019, shirika la Nubian Rights Forum lilikwenda Mahakama Kuu. Hoja iliyowahusu Wanubi moja kwa moja ilikuwa nyepesi kuielewa: mfumo ukijengwa juu ya vitambulisho, aliyenyimwa kitambulisho ananyimwa tena, mara hii kila mahali kwa pamoja. Mashine haikuhitaji kumchukia mtu yeyote. Ilitosha irithi rejista yenye dhuluma ndani yake. Tarehe 30 Januari 2020 majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir waliamua kwamba kukusanya DNA na vipimo vya GPS vya makazi ya watu kunakiuka Katiba, na wakakubali kwamba wapo wananchi walio katika hatari ya kuachwa nje ya mfumo.

Dai linalopendwa zaidi, na ambalo naliona lina madhara kuliko mengine, ni kwamba sheria siku zote hufika ikiwa imechelewa. Linamfariji kila mtu: mbunge haulizwi kitu, mwekezaji anaachiwa njia, na mwananchi anaambiwa avumilie. Lakini Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya imelinda faragha tangu 2010, miaka tisa kabla ya Huduma Namba. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019, na kifungu chake cha 31 kinataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kazi yoyote yenye hatari kubwa kwa haki za watu. Serikali ikaanza kutoa kadi za Huduma Namba bila tathmini hiyo. Walioipeleka mahakamani walikuwa shirika la Katiba Institute na Profesa Yash Pal Ghai, mwanazuoni aliyeongoza tume ya kurekebisha katiba ya Kenya. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa batili. Kanuni ilikuwepo tayari, imeandikwa, na waliotakiwa kuifuata waliiruka. Nakubali kwamba hukumu ilitoka wakati mamilioni ya watu walikuwa wameshatoa alama za vidole, na hilo ni jeraha la kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutaka mwanasheria awepo mfumo ukiwa bado kwenye karatasi.

"Walikubali wenyewe," wengine husema. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC, Nairobi, ili mboni zao zipigwe picha na mashine ya mradi wa Worldcoin, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizokaribia shilingi 7,000. Kwa asiye na kodi ya nyumba, fedha hiyo si zawadi ndogo, na ridhaa inayovutwa kwa njaa haiwezi kuitwa huru. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huohuo. Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili aliamuru data ya kibayometriki iliyokusanywa ifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa wanaosema kwamba kampuni kubwa ziko ng'ambo na hazifikiki, jibu ni fupi: Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikataa hoja hiyo ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, na kuruhusu kesi za wachuja maudhui wa Facebook ziendelee Nairobi.

Limebaki dai kwamba sheria inazuia maendeleo. Hukumu ya 2020 haikuua Huduma Namba. Majaji waliiruhusu serikali iendelee, kwa sharti kwamba kwanza iweke utaratibu kamili wa kisheria wa kulinda data na kuhakikisha hakuna anayeachwa nje. Tathmini ingefanywa kabla ya kadi kuchapishwa, kesi ya 2021 isingekuwa na mguu wa kusimamia. Mabilioni ya shilingi yaliyotumika hayakupotezwa na profesa aliyekwenda mahakamani. Yalipotezwa ofisini, siku ambayo mtu mwenye mamlaka aliamua kwamba tathmini hiyo inaweza kusubiri.