Asali Chini, Pawabenki Juu

Wauzaji wenzangu, hasa ninyi wa Tabora, Urambo, Kaliua, Nzega na Sikonge mnaopokea mzigo kutoka Dar, kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu yetu karibu kila wiki: "Jamani kuna mtu anapanda ndege kesho kuja Tabora? Nina kaboksi kadogo tu, hakana uzito." Ukiuliza ndani kuna nini unajibiwa "vifaa vya simu". Vifaa vya simu maana yake ni pawabenki kumi na tano, na siku hizi pamoja na zile sigara za umeme ambazo vijana wanaziita vepu.

Msimamo wangu ni huu, na najua wengine hamtaupenda: kaboksi hako usimpe abiria. Usimpe rafiki, usimpe shemeji, usimpe dada wa watu aliyekubali kwa sababu ya aibu. Na wewe unayesafiri, ukiombwa, kataa mapema, usingoje mpaka mko kwenye foleni ya kaunta.

Wengi wanadhani hizi ni kero za wakaguzi wa uwanja. Sizo. Utaratibu wa betri za lithiamu umewekwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na mashirika ya ndege duniani yanaufuata kupitia miongozo ya IATA. Pawabenki na betri yoyote ya akiba haikai kwenye begi la chini, yaani lile unalokabidhi kaunta likaenda kwenye buti ya ndege. Inakaa kwenye begi la mkononi. Vepu hivyo hivyo: tangu 2015 ICAO ilipiga marufuku kuiweka kwenye begi la chini. Unakuwa nayo mkononi au mfukoni, umehakikisha haiwezi kujiwasha, huivuti ndani ya ndege wala huichaji. Ukienda chooni kuivutia huko ni kosa vilevile.

Sasa watu wananiuliza, kama kitu ni hatari, mbona wanataka kikae juu na abiria badala ya chini mbali na watu? Swali zuri, na ukilielewa jibu lake hutasahau utaratibu tena. Betri ya lithiamu ikipata hitilafu ndani, iwe imepondwa, imetengenezwa vibaya au nyaya zimegusana, inajipasha joto yenyewe. Joto linazalisha joto, na chembe moja inaiwasha ya jirani. Buti ya ndege ina dawa ya kuzima moto, lakini dawa ile inazima ndimi za moto tu, haiipozi betri. Kwa hiyo moto unaweza kutulia kisha ukarudi, na hakuna mtu anayeweza kuingia kule chini ndege ikiwa angani. Ikitokea juu kwenye viti, abiria anasikia harufu, anaona moshi, mhudumu anakuja na kizimamoto na maji ya kutosha kuipoza. Hiyo tu ndiyo tofauti.

Dubai tunakofuata mzigo, tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747 iliondoka ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Moto ukawaka kwenye mzigo, moshi ukajaa mpaka chumba cha marubani. Walijaribu kurudi Dubai, hawakufika. Wote wawili waliokuwemo walikufa. Juzi tu, Januari 2025, ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado ardhini Korea Kusini, na wachunguzi wakaelekeza kidole kwenye pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Abiria waliwahi kutoka wote. Fikiria ingekuwa angani. Baada ya pale Korea Kusini ikakataza kuziweka kwenye makabati ya juu. China, kuanzia 28 Juni 2025, ikakataza kwenye safari zake za ndani pawabenki zisizo na alama yao ya ubora ya 3C. Emirates nao, kuanzia 1 Oktoba 2025, wakasema abiria mmoja pawabenki moja, isizidi Wh 100, na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege. Wewe unayekwenda Guangzhou au Dubai kufuata mzigo hayo yanakuhusu moja kwa moja, kwa hiyo soma masharti ya shirika lako kabla ya kila safari maana yanabadilika.

Hiyo Wh ndiyo mahali tunapoumia zaidi, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni suala la pesa. Uwanjani hawaangalii mAh, wanaangalia Wh. Kuipata ni hesabu ya darasa la tano: chukua mAh, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1000. Pawabenki ya 10,000 inatoa Wh 37. Ya 20,000 inatoa 74. Zote hizo zinapita, kwa sababu mpaka 100 huhitaji kuomba. Ya 30,000 inatoa 111, na kuanzia 100 mpaka 160 lazima upate kibali cha shirika la ndege, na hazizidi mbili kwa mtu. Ikizidi 160 hairuhusiwi kwa abiria kabisa, hata ukilia.

Sasa njoo kwenye bidhaa zetu. Tunajua wote kuna pawabenki zimeandikwa 50,000 zinauzwa bei ya chipsi kuku. Ndani hazina hata robo ya hiyo. Tunaziuza kwa sababu mteja anapenda namba kubwa. Lakini 50,000 ukiipigia hesabu inatoa Wh 185. Mkaguzi hana muda wa kuifungua akaona kwamba imedanganya. Anasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinasema haipandi ndege. Mteja wako ananyang'anywa kitu ambacho kingekuwa na maandishi ya kweli kingepita bila shida. Na zile zisizo na maandishi yoyote, au yaliyofutika, ndiyo kabisa, mkaguzi ana haki ya kuzikataa. Ukichagua mzigo Kariakoo, chagua zenye Wh imeandikwa kwenye mgongo, na kwenye posti yako andika "inaruhusiwa kwenye ndege" kwa ile tu uliyoipigia hesabu. Wateja wanaosafiri wapo wengi kuliko tunavyodhani, na hiyo sentensi moja inauza.

Turudi kwa kaboksi. Mtu atasema, basi rafiki yangu abebe zote kumi na tano kwenye begi la mkononi, si ndiko zinakoruhusiwa? Hapana. Ruhusa ya abiria ni kwa vitu vyake anavyotumia mwenyewe. Pawabenki kumi na tano mpya kwenye maboksi yake si matumizi binafsi, ni biashara, na biashara ni kago. Na kwenye kago mambo ni magumu zaidi: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, na pawabenki inahesabiwa humo, haziruhusiwi kama kago kwenye ndege ya abiria. Zinaenda na ndege ya mizigo tu, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, zikiwa na vifungashio na nyaraka zake. Ndiyo maana wakala wa maana wa mizigo swali lake la kwanza ni "ina betri?" Asiyeuliza, mwogope. Na ukiulizwa usijibu "hapana" ili upate bei nafuu.

Sisi watu wa Tabora hili tulipaswa kulielewa kuliko wengine. Mji huu ulikua kwa mizigo. Misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo ikafika hapa Unyanyembe, wengine wakaendelea mpaka Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na sifa pwani hadi maziwa makuu. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, kama kilo 32 hivi. Nacheka kila nikiona kwenye tiketi kwamba begi moja mwisho wake kilo 32, maana mashirika mengi hayaruhusu kuzidi hapo. Pamoja na vitambaa, shanga na nyaya za shaba, misafara ilibeba pia baruti. Sidhani kama kuna mpagazi aliyehitaji semina kuambiwa baruti hailazwi karibu na moto, au kwamba ni vibaya kumtwisha mwenzako baruti ukamwambia ni kaniki. Sisi leo tunamtwisha mwenzetu hivyo hivyo, tunamwambia ni "vifaa vya simu". Jina kwenye tiketi ni lake. Swali la "nani alikufungia begi hili?" ataulizwa yeye, wewe uko nyumbani unasubiri picha ya risiti.

Kuna hoja moja naikubali. Wauzaji wengi wanalalamika kwamba hakuna anayewaeleza mambo haya kwa Kiswahili cha kueleweka, mtu anakuja kujua akiwa mbele ya mashine na watu wanamsukuma nyuma. Ni kweli, na ni haki yetu kudai. Ujumbe wa tiketi unaokuja kwenye simu ungeweza kabisa kuwa na mistari miwili ya Kiswahili kuhusu betri. Lakini kutoelezwa hakuizuii betri kuwaka.

Kwa hiyo mzigo uje na nini? Uje na basi au lori. Najua, Dar mpaka Tabora ni safari ya siku nzima na mteja anataka kesho. Mwambie ukweli: "Bosi, hii ina betri, inakuja kwa barabara, utaipata keshokutwa." Wengi wanasubiri. Asiyesubiri siku mbili ungempoteza tu siku zile kaboksi linapokamatwa, tena ukiwa umepoteza na mtaji. Reli ya kisasa ilianza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, ikifika kwetu hesabu hizi tutazifanya upya. Na hata kwenye basi usiwe mzembe. Kila pawabenki ibaki kwenye boksi lake, tia kadibodi katikati, mwambie kondakta asiirundikie magunia ya mchele juu. Iliyovimba usiisafirishe, usiiuze, usiitupe kwenye takataka zinazochomwa.

Kuhusu vepu nina neno la pembeni. Mimi siziuzi. Faida ipo, siwezi kukataa, lakini wanaoulizia inbox ukiangalia picha zao ni watoto wa sekondari, na zile zenye ladha ya embe na bablish sioni zimetengenezwa kwa ajili ya mzee gani. Anayeuza auze kwa moyo wake. Ila ajue kuwa kukutana na masharti ya ndege hakutoshi, kuna sheria za unakokwenda. Uganda, kwa sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya 2015, imepiga marufuku kuziingiza na kuziuza. India, Singapore na Thailand nazo zina marufuku. Mteja wa Kampala akikutumia oda, usijidanganye kwamba kaboksi kadogo hakaonekani mpakani. Na chupa ya kimiminika chake kwenye safari za nje inahesabiwa kama kimiminika kingine chochote, haizidi mililita 100 mkononi.

Hiyo ndiyo inanileta kwenye asali, kwa sababu kila anayeondoka Tabora anabeba asali. Utamkuta mtu kaibana dumu la lita moja ya asali ya nyuki wadogo kwenye begi la mkononi ili isimwagike, halafu pawabenki kaitupa chini katikati ya nguo. Kapanga kinyume. Asali ni kimiminika mbele ya mkaguzi hata kama ni nzito kama ugali, na kwenye safari za nje dumu hilo halipiti. Asali iende chini: usijaze mpaka mdomoni, funga kifuniko kwa seloteipu, ingiza kwenye mifuko miwili ya nailoni, zungushia nguo. Pawabenki iende juu na wewe. Ukimuuzia msafiri asali, mfungie hivyo mwenyewe na umwambie.

La mwisho ni kwa wanaopanda Bombadia na ndege nyingine ndogo. Makabati yake ya juu ni finyu, kwa hiyo mara nyingine begi la mkononi linachukuliwa pale pale mlangoni linapelekwa buti. Watu wengi wanaliachia tu wanapanda ngazi. Begi lako likichukuliwa, simama, fungua zipu, toa pawabenki, toa vepu kama unayo, tia mfukoni au kwenye kipochi, ndipo uliachie. Hata kama foleni nyuma yako inaguna.