Kigari cha binti wa Kengeja



Mzee mmoja wa Kengeja, kusini mwa Pemba, amenitaka ushauri juu ya binti yake wa kidato cha pili. Skulini wanafundishwa kuunda roboti, na binti na wenzake wametengeneza kigari chenye mota mbili, betri na kitambuzi kinachopeleka mawimbi ya sauti mbele. Mawimbi yakigonga ukuta na kurudi, kigari husimama kabla ya kuugusa. Alikileta nyumbani kuwaonesha wazazi, akasema anataka kuwa mhandisi. Tangu siku hiyo nyumba haina utulivu: mama anaunga mkono, ami zake wanapinga, na baba amemkataza kubaki skuli baada ya masomo.

Hofu za mzee huyu si za kupuuzwa. Anauliza nani anasimamia karakana wakati wa jioni, wasichana na wavulana wanakaaje, na binti atarejea saa ngapi. Hayo ni maswali ya mzazi anayejua kuwa amepewa amana. Lakini mwenye majibu ni mwalimu, si ami. Aende skuli akaulize. Akiona kasoro, basi mpangilio ndio urekebishwe: wasichana wapewe meza yao, awepo mwalimu wa kike, kazi imalizike kabla ya Magharibi. Kumkatia mtoto elimu kwa sababu ya saa moja ya jioni si kumhifadhi.

Ama kauli kwamba ufundi wa vyombo haumfai mwanamke wa Kiislamu, hiyo haina msingi. Ibn al-Nadim, aliyeandika Al-Fihrist mjini Baghdad katika karne ya nne Hijria, anapowataja mafundi wa asturlabu anamtaja pia al-Ijliyya, binti aliyerithi kazi ya baba yake na kumtumikia Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab. Asturlabu ni chombo cha kupimia jua na nyota, na Waislamu walikitumia kujua nyakati za swala. Baba yake hakumficha karakana.

Pemba nayo inawahitaji mafundi wake. Hadi mwaka 2010, kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo umeme ulipofika kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Na Kengeja ina skuli yake ya sekondari ya ufundi, neema ambayo vijiji vingi havina. Binti anaweza kujifunza akilala kwao. Safari ya kwenda kusoma Unguja bado iko mbali, na familia ina miaka ya kupanga atafikia kwa nani.

Mzee amenieleza pia kuwa yuko mchumba anayeulizia, na kwamba kigari sasa kiko juu ya kabati. Betri zake amezitia kwenye tochi. Azirudishe kwanza, kisha tuzungumze hayo ya mchumba.