PUMU KWA WATOTO (SEHEMU YA 3): PAMPU HAIUI, KUIFICHA NDIKO KUNAKOUA

Ndugu zangu, leo nasema ukweli, na najua wapo watakaonuna.

Saa nane usiku mama kateremka na bodaboda kutoka Mgeta, kapakata mtoto wa miaka sita. Kifua kinapiga filimbi, mbavu zinabonyea, sentensi hamalizi. Namuuliza, "Mama, pampu iko wapi?" "Iko kabatini, sista. Bibi yake alisema akiizoea hataiacha."

Miezi miwili iko kabatini! Mtoto alipona, lakini ile barabara ya mlimani usiku ilitosha kumpoteza.

Sasa nisikilizeni. Salbutamoli iliyomo kwenye pampu inafungua mirija ya hewa ndani ya dakika chache, baada ya saa kadhaa inaisha nguvu. Haileti uteja. Ukiona mtoto anaihitaji kila siku, ujue mirija bado imevimba. Huyo anahitaji pampu ya kuzuia, kama ya beklometasoni, kila siku kama alivyoandikiwa, hata siku anayocheza vizuri. Anayevaa miwani kila siku, mbona hamumwiti teja wa miwani?

"Si bora vidonge?" Kidonge kinazunguka mwili mzima, mtoto anatetemeka mikono, moyo unaenda mbio. Pampu inapeleka dawa kidogo palepale panapobana. Na zile amoksilini mnazonunua kila akikohoa hazitibu pumu.

"Kifaa cha kuvutia dawa ni ghali." Chukua chupa ya maji ya nusu lita, safi na kavu. Toboa kitakoni tundu linalobana mdomo wa pampu. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara 5 kwenye mdomo wa chupa, ndipo ubonyeze tena. Watafiti wa Cape Town waliipima chupa hiyo mwaka 1999, ikafanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Mtoto mdogo anahitaji barakoa yake, njoo tukuelekeze.

Na akina baba, mnalaumu ukungu wa Uluguru huku mafiga yanafuka chumba anacholala mtoto, na sigara iko mdomoni. Ukungu huwezi kuuzima. Sigara unaweza, na jiko linahamishika.

Akishindwa kuongea au kunyonya, mbavu zikibonyea, midomo ikibadilika rangi: mpe pampu huku mnaondoka. Msisubiri kukuche.

Kabla hujalala leo, itoe kabatini. Na bibi msomee hii.