Baridi Yabisi: Dawa kwa Siku Yake, Mwendo kwa Kiasi

Mama na dada zetu, baridi yabisi huvimbisha viungo, na asubuhi vidole hukataa hata kufunga vishikizo vya kanzu ya mtoto. Twawanasihi mambo matatu.

Kwanza, dawa. Methotrexate, ambayo wagonjwa wengi huandikiwa, humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwaweza kuua. Siku yake, mathalani Jumatatu, iandikwe juu ya kopo, na jamaa nyumbani waijue. Anayekusudia kushika mimba amwone daktari kwanza, kwani dawa hii humdhuru mtoto tumboni. Prednisolone nayo haikatwi ghafla, hata Ramadhani ikiingia. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na daktari aulizwe mapema.

Pili, mwendo. Kiungo kisichotumika hukakamaa. Tembeeni taratibu baada ya Alasiri, na mnyooshe vidole ndani ya maji ya uvuguvugu. Kiungo kilichovimba na kupata moto kipumzishwe. Maumivu yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, siku ya pili punguzeni.

Tatu, ibada. Asiyeweza kusujudu na aswali kitini kwa kuashiria. Swala yake ni kamili. Mwili ni amana, na kuutunza ni katika kuirejesha amana kwa Mwenyewe. Wallahu aalam.