Pikipiki Ijaribiwe Ikingali Baridi

Wahenga walinena: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maneno haya yamewapata watu wengi wanunuao pikipiki zilizokwisha tumiwa. Mtu huona tangi limepakwa rangi mpya na kiti kimeshonwa upya, akatoa akiba yake ya miaka miwili. Mwezi wa Julai ukifika, huonekana alfajiri kando ya njia akipiga kiki bila kukoma, na jasho lamtoka katikati ya baridi.

Katika nchi za juu za Kenya, tangu Juni hata Agosti, watu wa Limuru, Kinangop na Molo huamkia ukungu na manyunyu, na mahali pengine sakitu huunguza viazi mashambani. Karani akaaye Njabini na kufanya kazi Engineer hana budi kushika njia kabla jua halijapata nguvu. Mkulima apelekaye maziwa naye hawezi kungoja. Basi pikipiki iliyochoka, ambayo huwaka bila taabu saa sita za mchana, yaweza kukataa kabisa saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kuwa baridi huyafanya mafuta ya mashine kuwa mazito, huidhoofisha betri, na huizuia petroli kugeuka mvuke upesi.

Kwa sababu hiyo yampasa mnunuzi amwendee muuzaji asubuhi na mapema, na tangu jana yake amwombe asiiwashe pikipiki. Akifika, kabla ya kusifu chochote, aweke kiganja karibu na mashine. Akiona ina joto, ajue ya kuwa imekwisha kuwashwa. Huenda muuzaji hakukusudia hila yoyote. Hata hivyo mnunuzi aseme kwa heshima ya kuwa atarudi kesho. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na neno hilo.

Kisha iwashwe kwa choki. Mashine nzima huitikia baada ya kiki chache, na baada ya dakika chache yapasa ingurume taratibu hata choki ikirudishwa. Ifaayo zaidi ni ile yenye kiki pamoja na swichi ya kuwashia, maana betri ikizimia mguu utaokoa safari.

Wakati huo mnunuzi atazame moshi. Mvuke mweupe utokao alfajiri na kutoweka mashine ikipata moto si ugonjwa, ni maji tu. Moshi mweusi waonyesha petroli inazidi. Mara nyingi fundi hutengeneza kabureta yakaisha. Bali moshi wa buluu, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua, ni dalili ya kuwa ringi za pistoni au sehemu za vali zimelika, na gharama yake yaweza kuwa kubwa. Anayeuona huo na aage kwa adabu aende zake.

Mashine ikikataa kuwaka, hasara ni kuchelewa kazini. Breki zikikataa katika utelezi, hasara ni roho ya mtu. Kwa hiyo matairi na breki vitazamwe kwa bidii kuliko rangi. Tairi ambalo mifereji yake imelika haliwezi kuyafukuza maji, nalo huteleza kwenye lami iliyolowa. Umri wake pia husomeka ubavuni kwa tarakimu nne: 2319, kwa mfano, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa siku nyingi hukauka na kupasuka, hata kama mifereji ingaliko. Gurudumu la mbele liinuliwe na usukani ugeuzwe polepole. Ukikwama katikati, beringi zake zimekufa. Mnyororo uliolegea na meno yaliyochongoka kama ndoana hudai kubadilishwa. Taa ya mbele na ile ya breki ziwake zote mbili, maana katika ukungu dereva wa lori hamwoni mtu, huona taa yake.

Kipima mwendo hakistahili kuaminiwa peke yake. Mipira ya kukanyagia na vishikio vya mikono vilivyolika husema kweli zaidi, hasa kwa pikipiki iliyobeba abiria kutwa kwa miaka mingi. Kwa matumizi ya kawaida, mashine ndogo za cc 100 hadi 150, kama vile Bajaj Boxer na TVS HLX, zina faida moja kubwa: vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo, na mafundi wengi wazijua.

Yabaki mambo ya hati. Namba ya fremu na namba ya mashine zilinganishwe na zile za logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Kadhalika mnunuzi aulize kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, apate kujua mwenye pikipiki ni nani. Wako wauzao pikipiki za mkopo usiokwisha lipwa. Mkopeshaji akija kuichukua, mnunuzi hubaki na stakabadhi mkononi na miguu yake njiani. Fedha zisitolewe zote kabla umiliki haujahamishwa.

Mwisho, mwenye busara hatumii akiba yake yote kwa bei. Huweka sehemu kwa ajili ya matairi, mnyororo, bima, helmeti nzuri na koti lisilopenya maji. Tena hubadilisha mafuta mapema katika miezi ya baridi, kwa kuwa safari fupi haziipashi mashine moto wa kutosha kukausha unyevu uliomo ndani.

Afanyaye hivyo pengine atapanda pikipiki yenye tangi lililochubuka, na jirani atamcheka siku ya kuinunua. Ila asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umefunika bonde, jirani atakuwa angali akipiga kiki, naye amekwisha fika kazini.